Habari za Ng'ombe

Mjukuu wangu Nuru,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako anakohoa kidogo, mimi mkono ndio umechoka. Unauliza hadithi zangu za mapenzi nazitoa wapi.

Enzi za Mjerumani, hapa Nkoaranga, wasichana tuliojua kuandika tulikuwa wachache. Jirani yetu akaniomba nimwandikie mumewe, aliyepelekwa kujenga boma la serikali Arusha: ng'ombe amezaa, uzio umeanguka. Nikaona hayo hayana ladha. Nikayaacha, nikaandika maneno matamu ya kwangu.

Jibu likaja: "Huyu si mke wangu. Niambieni ukweli, amekufa? Na ng'ombe je?"

Nilimsomea jirani jibu lote. Tangu siku ile siandiki mapenzi kabla sijajua ng'ombe wa hao wapendanao anaendeleaje.

Bibi yako