Plagi za Gari la Chiwata

Mjukuu wangu Asha,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na mikorosho imeanza kutoa maua. Umeniuliza kama plagi huweza kumdanganya fundi.

Nilipokuwa kijana hapa Masasi, mjane mmoja wa Chiwata aliniita nilikague gari la marehemu mumewe kabla hajaliuza. Lilikuwa limelala uani miaka mingi, halina hata betri. Nilitegemea plagi zenye kutu. Nikazikuta kavu, za kahawia, kama za gari linalotembea kila siku. Ya mwisho iliniunguza vidole.

"Mama, nani huliwasha?"

Akakaa chini taratibu. "Kumbe na wewe umeona, baba. Wanangu wanasema naota."

Nikazirudisha zote. Plagi haijawahi kunidanganya, Asha. Siku ile tu nilitamani inidanganye.

Babu yako