Rimu Nne za Gari la Mama

6 Aprili

Binti yangu,

Salamu za miezi yote niliyokaa kimya zipokee kwa mkupuo mmoja. Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia limejifanya mkubwa wa nyumba hii. Likikataa kuinama, tunasimama wote. Wewe hujambo? Mwenzio je? Na huyo mgeni wa wiki tatu, analala au anawakesha?

Picha imefika. Ana paji la uso la mama yako, lile lile pana. Na umeandika kwamba mmempa jina lake. Hapo niache kwanza.

Umeandika pia kwamba tarehe 20 Agosti mnaruka, mkataba wa mumeo ni wa miaka mitano, na ungependa nimshike mtoto kabla hamjaondoka. Nina miaka sabini na mmoja. Hesabu hiyo hata mimi naiweza. Nitakuja. Ila nitakuja na gari la mama yako, si kwa basi, na usianze kunibembeleza. Nimelipiga msasa mpaka bati, nimelipulizia rangi ya maziwa aliyoipenda, tabaka juu ya tabaka, mikono mitano. Sasa rimu zake zimeliwa na kutu, tena nyembamba, mwenyewe alikuwa akilalamika kila siku kwamba gari lake limevaa viatu vya kuazima. Wewe si ndiyo kazi yako kukata rimu? Nikatie nne, pana, inchi saba. Niambie unataka vipimo gani.

Simu usipige. Tangu siku ile tuliyokatiana, naona karatasi ni afadhali, haimdakii mtu maneno.

Baba yako

19 Aprili

Baba, shikamoo,

Sisi hatujambo, mtoto anakula kama aliyepewa tenda. Pole na goti, lisugue na maji ya moto, usilisugue na tina ya kuyeyushia rangi kama unavyopenda.

Baba, nimefurahi mpaka nikamsomea barua yako bosi wangu, mama wa mashine, ambaye hafurahishwi na kitu. Amesema nikate mwenyewe, kuanzia vipimo hadi kuchomea. Nahitaji namba tatu kutoka kwenye rimu ya zamani. Moja, upana. Mbili, kina: ilaze chini kama kawaida, weka rula ya chuma juu ya ukingo, pima kutoka kwenye rula kushuka hadi pale kati panapofungwa nati. Tatu, gari likiwa limesimama, nafasi iliyobaki kati ya tairi na ukingo wa madigadi.

Nikipata hizo ndipo nitajua ofseti, yaani pale pa kufungia nati pamekaa umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Pakisogea nje, gurudumu linaingia ndani ya gari. Pakisogea ndani, gurudumu linachomoza nje. Ni hayo tu.

Njoo, baba. Hata kwa baiskeli.

Binti yako

3 Mei

Binti yangu,

Marahaba, na wote humo ndani nawaombea uzima. Goti lile lile.

"Ni hayo tu," unasema! Pakisogea nje linaingia ndani, pakisogea ndani linatoka nje. Nimeisoma mara tatu peke yangu, ya nne nikamsomea jirani fundi viatu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema ana kiatu cha mteja kinamsubiri.

Haya, namba zako. Upana: hapo kuna mwongo. Rimu yenyewe imegongwa muhuri wa inchi 5, futi yangu inasema 6. Nimeazima futi ya seremala, nayo inasema 6. Amini utakayempenda. Kina: inchi 2. Nafasi hadi madigadi: inchi 3.

Nimechanganyikiwa lakini nimepima.

Baba yako

17 Mei

Baba, shikamoo,

Tunaendelea vizuri, mtoto ameanza kucheka na ukuta.

Hapo hakuna mwongo. Muhuri unahesabu pale tairi linapokalia, kwa ndani. Futi yako imehesabu na kingo mbili, nusu inchi huku, nusu inchi kule. Kwa hiyo 5 ni kweli na 6 ni kweli. Zile saba unazotaka, ukizipima kwa futi utakuta nane.

Kinachonitatiza ni kina. Nusu ya 6 ni 3. Ukiniambia kina ni 2, maana yake pa kufungia nati pamevuka katikati na kuingia ndani inchi nzima. Kwa gari dogo kama la mama? Bosi ameangalia karatasi yangu akasema, "Huyo baba yako kapima sufuria." Angetegemea inchi 4. Nisamehe, baba, hebu pima tena, rimu nyingine.

Binti yako

29 Mei

Binti yangu,

Salamu kwako, kwa mumeo na kwa mtoto. Kwa bosi wako, hapana.

Nimepima rimu zote nne. Mbili, mbili, mbili, mbili. Miaka arobaini na tano nimepulizia rangi magari ya watu, najua tabaka moja limezidi kwa kuligusa na kidole tu, leo nishindwe na futi? Mwambie mama wa mashine sufuria anayo yeye, ameivaa kichwani. Kata.

Baba yako

20 Juni

Baba, shikamoo,

Natumaini goti limepata huruma. Sisi wazima.

Rimu zimeondoka jana na lori la mizigo, zikiwa na matairi yake. Nimekuamini, nimekata kwa kina cha inchi 2, ili ukingo wa ndani ukae pale pale ulipokuwa. Upana umeongezeka inchi mbili, zote zimeenda nje, na wewe una nafasi ya tatu. Inabaki moja. Hazitagusa popote.

Ni kazi yangu ya kwanza tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipozing'arisha nilimwonyesha mtoto, akazitemea mate. Nakuona unaingia getini kwetu. Sijalala vizuri kwa furaha.

Binti yako

8 Julai

Binti yangu,

Nyote natumaini wazima.

Nimezifunga. Zimechomoza nje ya madigadi inchi nzima, gari limekaa kama chura. Nikasema labda ndiyo mtindo wenu. Nimelitoa bandani kwa kurudi nyuma, nimekata usukani kushoto, nikasikia mlio. Tairi limeikamata madigadi, limechuna rangi upana wa kiganja. Rangi yangu. Mikono mitano.

Sijui kosa liko wapi na sina nguvu ya kulitafuta. Pengine safari hii haikuandikwa. Mbusu mtoto.

Baba yako

15 Julai

Baba, shikamoo,

Sisi wazima. Niliyonayo moyoni ni haya.

Sielewi. Nimerudia hesabu ubaoni, bosi naye amerudia, inatoka ile ile. Ulisema nafasi ni tatu, nikatumia mbili, wewe umekuta zimetumika nne. Mbili zaidi zimetoka wapi? Kichwa kimegoma.

Halafu nikaanza kufikiria vibaya, na nakuambia maana kukaa nalo nimeshindwa. Nimefikiri labda hutaki kuja. Labda unanipa namba zozote ili siku zipite. Basi lipo kila asubuhi, baba, na wewe unaniletea madigadi. Msibani, mbele ya shangazi zangu wote, ulisema ningekuwepo mama asingekufa. Miaka mitatu nimelala na neno hilo, nikajifungua nalo. Sijakuomba ulifute. Nimekuomba uje umshike mtoto.

Kama hutaki, andika neno moja, hutaki. Nitalia, kisha nitafunga mizigo.

Binti yako

1 Agosti

Baba, shikamoo,

Sijapata jibu. Natumaini ni hasira tu, si ugonjwa. Fundi viatu angeniandikia kama ni ugonjwa, sivyo?

Jana mteja mmoja ameleta rimu karakana, akailaza mezani uso juu, ule upande unaoonekana barabarani. Bosi akampigia kelele, "Hapa rimu inalazwa kifudifudi!" Nikasimama na grisi mkononi. Nikakukumbuka, baba. Bonneti hulazi uso chini. Mlango wa gari hulazi uso chini. Ulimchapa shangazi kwa maneno siku alipolaza kioo cha pembeni kifudifudi sakafuni. Na mimi nikakuandikia "ilaze kama kawaida"!

Kawaida yangu ni kifudifudi, maana kina hupimwa kutoka nyuma. Yako ni uso juu. Kama ulipima kutoka mbele, zile mbili zako ni sahihi kabisa, ila ni za upande mwingine. Sita toa mbili ni nne, kama alivyosema bosi. Kosa ni langu, sikukuuliza hilo moja. Na nilikushuku. Nisamehe kwa hilo, limenitia aibu.

Siwezi kukata nyingine kabla ya tarehe 20. Wala sijali rimu tena. Niambie tu kama nimepatia.

Binti yako

9 Agosti

Binti yangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, na nyinyi nawaombea hivyo.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Umepatia. Niliilaza uso juu kila mara, tena nikiwa nimetandika gunia. Haikunijia hata chembe kwamba yupo mtu duniani anayelaza kitu kifudifudi kwa makusudi. Juzi nimeigeuza, mkono ukisita. Inchi nne kamili. Nikacheka peke yangu bandani, halafu kicheko kikakata.

Maana na wewe hukunishuku bure kabisa. Sikukosea makusudi, naapa. Lakini uliponiandikia "pima tena", nilishukuru. Nilipoona rangi imechunwa nilikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na afueni. Nilikuwa naogopa kukutazama usoni.

Sasa nisikilize, maana sijamwambia mtu. Siku ile aliyokufa mama yako mimi nilikuwepo. Nilikuwa hatua thelathini kutoka kitandani kwake. Nilijifungia kwenye chumba cha rangi na bonneti ya mteja, mlango nimeuziba vumbi lisiingie, simu nimeiacha kwenye koti nje. Alinipigia mara nne. Nilipotoka, bonneti ilikuwa inang'aa na yeye ameshatulia. Zile simu nne nilizifuta kabla hujafika msibani, kisha lawama nikakugeuzia wewe, mbele ya watu, kwa sauti, ili pasiwe na wa kuniuliza nilikuwa wapi. Wewe ulikuwa mbali safari ya siku mbili. Mimi nilikuwa hatua thelathini.

Si wewe, mwanangu. Haikuwa wewe hata siku moja. Nimekuachia mzigo wangu miaka mitatu, nikakaa hapa nalalamikia goti.

Rimu zako nimezifungua, kazi nzuri sana, kosa halikuwa la mkono wako. Nimerudisha zile nyembamba, nimezisugua kutu kwa brashi ya waya, zinashika upepo. Madigadi nimeiacha hivyo hivyo na mkwaruzo wake. Kuirudia ni siku nne, na siku sina.

Nitaondoka tarehe 14 alfajiri, nitafika 16. Barua hii itakuwa imenitangulia siku moja au mbili. Nimefanya hivyo kwa makusudi, ili nikigonga mlango uwe unajua ni nani anayegonga. Usipofungua, nitaelewa, nitakaa garini kidogo kisha nitageuza.

Usijibu. Haitanikuta nyumbani.

Baba yako