Kipande cha Mpokeaji

Arua, Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa Sadiya,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Koboko, wewe na shemeji Siraji na watoto, na kwamba kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi mwili ni mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako Mama huisikiliza pembeni, na haya nataka uyasome wewe kwanza, kisha uchague ya kumwambia.

Kazi yangu unaijua kidogo. Ni karani wa mapokezi katika mradi unaotafiti mimea na uyoga wenye viini vinavyogusa ubongo. Akina mama wa vijiji vya Ayivu hutuletea walichookota, mimi nauliza kimeota wapi na kuandika kibandiko, kisha Daktari Candiru anakipeleka maabara. Yeye husema kwamba ndani ya baadhi ya uyoga kuna kiini ambacho, kikipimwa vizuri, huenda siku moja kikamsaidia mtu ambaye huzuni imemkalia miaka na haitoki. Hilo neno "huenda" hulitia mkazo kila mara.

Akina mama hao wana desturi yao. Anayeleta uyoga huonja kwanza mbele ya anayepokea, na mpokeaji naye humeza kipande chake. Ukikataa, ni kama umemwita aliyeleta mchawi. Kwa uyoga wa kula nilikuwa nafurahia desturi hiyo.

Jumatatu Daktari alitukataza. Uyoga mwembamba wa kahawia unaoota kwenye mavi ya ng'ombe, ule unaogeuka samawati ukiuminya, umeonekana una nguvu kuliko alivyodhani, basi asiuonje mtu. Mimi ndiye niliyetakiwa kuwaambia akina mama. Jumanne nilipofika, Mama Driciru alikuwa ameshakaa mlangoni na kikapu cha uyoga huo huo. Wenzake walikuwa wanamtania kwamba amemletea karani chakula cha mbwa. Kwa kuwakomoa akatafuna konzi nzima, akanikatia kipande: "Karani, yako hii." Wote wakanitazama. Nilikuwa na maneno ya Daktari kwenye ulimi, nikaona haya kuyasema mbele ya watu. Nikakitia kipande mdomoni.

Haukupita muda mrefu tukasikia kwamba Mama Driciru yuko njiani anacheka peke yake na kuongea na marehemu mama yake. Kisha akatapika, akawa hawatambui watoto wake. Wakamkimbiza hospitali. Walipima malaria, hawakuiona.

Mume wake, Mzee Anguzu, alikuja ofisini siku ya pili. Alinisalimia kwa heshima, akaniuliza kama ni kweli nilikula pamoja na mke wake. Nikasema ni kweli. Akanitazama toka kichwani hadi viatuni, akawageukia ndugu zake. "Huyu alikula, na yeye iko hapa, anatembea. Basi sumu ilitoka jikoni ya nani?"

Jiko ni la Jovia, mke mdogo. Asubuhi ile ndiye aliyepika uji, na yeye na Mama Driciru walikuwa wamegombana juu ya sufuria. Ukoo ukakaa, ukaamua kwamba Jumamosi arudishwe kwao Omugo, na mtoto amwache. Nilimwona hospitalini, ameketi nje ya wodi na chakula alicholeta, hakuna aliyekigusa. Daktari Candiru naye aliniuliza kama nilimeza. Nikasema nimemeza. Akanitazama macho, akanishika mshipa, akasema hata kipande kidogo kingenionyesha dalili, akawaambia watu wa hospitali watafute sababu nyingine.

Dada, sikumeza. Nilikificha kile kipande shavuni, nikaenda kukitema nyuma ya tangi la maji. Afya yangu, ambayo watu walikuwa wanaitumia kumhukumu yule mwanamke, ilikuwa ushahidi wa uongo. Niliogopa kupoteza kazi ambayo Mama ameshaitangaza kwa majirani wote. Niliogopa pia Mama Driciru ajue kwamba nilikitema kipande chake. Nikakaa na hofu hizo mpaka Ijumaa.

Ijumaa nilimwambia Daktari. Hakunipigia kelele. Alipiga simu hospitalini papo hapo, kisha akaniambia nikabidhi funguo, na kwamba Jumatatu wakubwa wataamua. Jumamosi nikachukua boda mpaka kwa Mzee Anguzu. Vitu vya Jovia vilikuwa vimeshafungwa kwenye shuka. Nikayasema yote mbele ya ukoo. Mzee mmoja akaniuliza mtu aliyesoma kama mimi alikuwa anaogopa nini. Nikasema nilikuwa nawaogopa nyinyi. Wengine wakacheka, lakini Anguzu hakucheka. Jovia alimbeba mtoto wake akaingia ndani bila kunitazama, akaliacha lile furushi uani.

Mama Driciru yuko nyumbani sasa, akili imemrudia, isipokuwa kichwa kinamuuma. Leo asubuhi aliniita. Nilikuta uyoga wa kichuguu uliotiwa karanga, na ugali wa muhogo. Aliyepika ni Jovia. Alionja yeye kwanza, kisha Mama Driciru, kisha bakuli likaja kwangu. Nikatia mdomoni, nikatafuna, nikameza. Mama Driciru hakuridhika.

"Fungua mudomo, karani. Inua na ulimi."

Nikafungua kama mtoto mbele ya daktari wa meno, nyumba nzima, ndugu za Anguzu wakiwemo, ikinitazama. Jovia akainama kuchungulia, akachukua muda wake, huku na huku, mpaka taya zikaniuma. Ndipo akanyanyuka, akawaambia wale ndugu wa mume wake, akiwatazama mmoja mmoja:

"Amemeza."

Basi wote wakanawa mikono, wakala.

Nisalimie shemeji na watoto. Habari za kazi mwambie Mama polepole, baada ya kikohozi kupona. Kama kesho watanifukuza, nitakuja Koboko na basi la Jumanne, uniwekee mahali pa kulala.

Mdogo wako,
Tahiru