Chokaa Ndani ya Damu

Jumatatu, 9 Juni 2003

Figo yangu ya kushoto ilitolewa Jumanne, tarehe 13 Mei. Leo ni siku ya ishirini na saba nikiwa na moja. Mawe yaliiziba mpaka ikaharibika kabisa. Mawe mara nne kwa miaka minne, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: maji ya huku, mama, ni haya maji yetu ya chumvi.

Asubuhi nimeokota mayai. Nikahesabu trei mara tatu, nikapata namba tatu tofauti. Mimi! Nilianza na vifaranga hamsini kwenye ploti isiyo na ua huku Isinya, na hesabu ya mayai haijawahi kunishinda. Kiu haiishi. Choo hakuna, siku ya tano. Mifupa inauma kama niliyepigwa.

Nimeongeza chokaa kwenye uji. Kijiko na nusu badala ya kimoja. Ni ile ile ya layers, kuku wangu wa mayai. Kuku akilegea miguu nampa chokaa na matone ya vitamini, anasimama. Sasa ni miezi minane najipa mwenyewe. Mume wangu, Baba Njoki, hajui.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika kutoka kitanda cha hospitali, Kajiado; nilikuja kwa ile kiu na mifupa, wakanilaza.

Daktari ni mpya. Alitaka damu yangu ipimwe kalsiamu. Neno hilo nimelisikia kwa wauza chakula cha kuku tu. Mzee wa maabara alitoka na karatasi akitabasamu. "Mama, hii ni damu ama ni sementi?" Nikacheka. Daktari hakucheka.

3.4. Mwisho wa kawaida ni 2.6.

Nimeduwaa. Miezi minane nilijua nina upungufu wa hiyo hiyo.

Daktari akauliza natumia nini. Nikamwambia.

"Chokaa ya kuku?"

"Ya kuku."

"Na umetaga mangapi, mama?"

Kisha akaona uso wangu, akaomba msamaha. Akanieleza. Chokaa na vitamini zikizidi zinaweza kupandisha hivyo. TB inaweza. Saratani inaweza, hiyo aliitaja haraka, macho dirishani. Na kuna vitezi vinne shingoni, vidogo kama punje za mchele, kazi yao ni kulinda kiwango cha kalsiamu. Kimoja kikiharibika, kila kitu kinaharibika. Kiu, choo kigumu, mifupa, kusahau, mawe: yote ni kitu kimoja. Ikiendelea, figo iliyobaki itafuata ya kwanza.

Nilifikiri ni magonjwa matano. Au uzee.

Dripu ya tatu inaingia.

Jumapili, 15 Juni

Nyumbani. Baba Njoki aliambiwa yote. "Kumbe nimeoa layer." Alicheka peke yake, halafu akaenda akabeba gunia la chokaa kutoka jikoni akalirudisha stoo.

Masharti: chokaa basi, vitamini basi, maziwa kidogo, maji lita tatu kwa siku. Nirudi baada ya wiki tatu kutoka siku ya kipimo. Halima wa duka la nguo aliniletea maziwa ya ngamia, nikakataa. "Wallahi, maziwa imekosea nani?" Akaenda amenuna.

Alhamisi, 3 Julai

3.1.

Daktari akafunga mlango. "Mama, niambie ukweli. Bado unakula ile kitu?"

Nilitamani kumrushia faili. Sijaonja hata unga wake kwa siku ishirini na moja. Nikamwambia afanye hesabu. Kama ni chokaa iliyopandisha kalsiamu, nimeiacha wiki tatu, inatakiwa kuwa imeshuka mpaka chini. Imeshuka nukta tatu tu. Basi kuna kitu kingine kinachoimwaga kwenye damu.

Akachukua damu nyingine ipelekwe Nairobi. Watapima homoni ya vile vitezi.

Silali vizuri. Saratani. Neno lenyewe limekaa kifuani.

Jumanne, 15 Julai

Si saratani. Nilianza kulia kabla hajamaliza sentensi.

Ni kitezi kimoja. Damu ikijaa kalsiamu, homoni ya vitezi inatakiwa kushuka, navyo vilale. Yangu iko juu. Kitezi kiko macho mchana na usiku, kinavuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu. Chokaa yangu iliongezea tu. Dawa ni kukitoa. Upasuaji ni Jumatatu tarehe 28, Nairobi.

"Kimeanza lini?" nikauliza. Akasema ukubwa wake si wa mwaka mmoja.

Alhamisi, 17 Julai

Kuku mmoja wa zamani amekufa. Jana alikuwa amekaa tu, miguu haimbebi, lakini alitaga. Nimemfungua. Mfupa wa mguu umevunjika mkononi kama biskuti. Lile yai lake la mwisho, ganda zuri, gumu, halina hata ufa.

Nilikaa chini hapo hapo bandani. Chokaa ya ganda ilitoka kwenye mfupa wa mguu. Kuku nimefuga miaka kumi na minne, jambo hili nalijua. Kwa kuku nalijua.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefungua bahasha ya kaki yenye karatasi zote za hospitali. Situpi karatasi.

Machi 1999. Kliniki ya hapa mjini, jiwe la kwanza. Mstari wa sita: kalsiamu 2.9. Pembeni imechapwa: mwisho 2.6. Na kuna mtu amezungusha duara kwa kalamu nyekundu.

Nimeisoma mara nyingi. Nimemwita Baba Njoki aisome kwa sauti. Akasoma. Akavua miwani.

Miaka minne na miezi miwili kabla ya figo kutolewa. Waliniambia ninywe maji ya mvua. Nilijenga tangi.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeenda kliniki. Yule aliyenitibu 1999 bado yupo, amenenepa. Nikaweka karatasi mezani. "Mama, si unajua maji ya huku," akasema, kabla hata ya kuiangalia. Nikamwonyesha duara. Akasema ana wagonjwa wengi wanangoja.

Sikupiga kelele. Nashangaa kwamba sikupiga kelele.

Jumanne, 22 Julai

Leo kimya. Upepo unaotoka upande wa Mashuuru, vumbi kidogo. Nimemwelekeza Baba Njoki chakula cha kuku cha wiki nzima, gunia kwa gunia, asije akanipigia simu kuuliza nikiwa Nairobi.

Barua ya kliniki nimepeleka mwenyewe. Mhudumu amegonga mhuri, nakala ninayo. Sikuandika matusi wala kudai fidia. Nimeuliza swali moja: aliyechora duara hili aliona namba hii au hakuona? Jibu liwe "aliona" au "hakuona", kwa maandishi, lenye jina na sahihi. Habari za maji sitapokea.

Mwisho wa kujibu ni Ijumaa tarehe 25, saa sita mchana. Nitakuwa nimekaa pale kwenye benchi lao.