Kazi ya Kupekua Wenzako

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Karakana ya Matairi,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Mguu wa mama unaendeleaje, anatembea bila kushikwa? Shemeji na watoto wazima? Mimi mzima, ila mgongo. Tunapandisha saruji ghorofani kwa mabega, jioni najitupa kitandani na viatu vyangu.

Barua yako nimeipata. Unasema wakala amekupatia huku kazi ya ulinzi katika duka kubwa, na unangoja neno langu ndipo utie sahihi. Kuja kwako kumenifurahisha. Kazi yenyewe ndiyo imeninyima usingizi.

Juzi nilikwenda duka kama hilo kununua birika, pamoja na fundi rangi tunayefanya naye kazi, mzungu mwenyeji wa huku. Wote tumetoka kazini, vumbi hadi kwenye nyusi. Mlinzi alinifuata mimi tu, rafu kwa rafu. Fundi yuko kule anajaribu kofia na kuzirudisha, hakuna anayemtazama. Nimelipa, risiti mkononi, mlangoni nikashikwa bega. Mfuko wangu ukamwagwa sakafuni: bakuli la chakula, soksi, fulana ya jasho. Wateja wakawa wanaviruka.

Mlinzi mwenyewe mweusi kama mimi na wewe. Akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Nisamehe, ndugu. Wameniambia niwaangalie watu wetu."

"Na wewe nani anakuangalia?"

Akanyanyua kidevu kuelekea kamera, kisha akaniokotea soksi.

Nje fundi akacheka. "Kila siku wewe tu! Una mkosi, mzee." Anadhani ni mkosi.

Mdogo wangu, hawakutaki kwa sababu una macho makali. Wanakutaka kwa sababu ukinishika wewe, hakuna atakayesema ni habari ya rangi.

Hapa kazini kwetu wanatafuta wabeba zege. Kazi inavunja mgongo na msimamizi ana mdomo mchafu, lakini utabeba zege, hutamwaga mfuko wa mtu. Ukichagua ile nyingine, godoro lako kwangu lipo vilevile. Ila siku utakayonikuta dukani kwako, nipekue kimya kimya. Usiniite kaka.

Nisalimie mama, shangazi, na mjomba kinyozi na utani wake. Mungu akufungue macho kabla hujashika kalamu.

Ni mimi nikupendaye, uchovu na yote,
Kaka yako.