Virusi vya Kumtibu Baba

Kabazi, 3 Februari 2025

Mpendwa binti yangu Njoki,

Salamu nyingi. Natumai hujambo na kazi ya maabara huko Nairobi inaendelea. Mama yako ni mzima na viazi vimeshika vizuri. Mimi siko sawa, ndio maana naandika. Kwa simu Mama angesikia.

Ile saratani ya utumbo waliyonipasulia imerudi. Daktari wa Nakuru anasema imefika kwenye ini, na kemo, ile dawa ya kuua saratani, haishiki. Krismasi ulitueleza mnafuga virusi vinavyokula bakteria wa tumboni, ati siku moja vitasaidia wagonjwa kama mimi. Sikusikiliza, nilikuwa nachinja kuku. Nielezee tena. Mama hajui, usimwambie.

Baba yako, Hiram

Nairobi, 11 Februari 2025

Baba yangu,

Shikamoo, na pole sana. Nilisoma barua yako kazini nikaenda kukaa kwenye ngazi.

Iko hivi. Ndani ya uvimbe wa utumbo mara nyingi hujificha bakteria fulani, na ndiye anayeukinga usishikwe na kemo. Virusi vyetu, tunaviita faji, humuua yeye tu. Mtu haviwezi kumdhuru. Tunavitoa kwenye maji taka. Kwa panya, bakteria akiondoka, kemo inashika. Kwa panya, Baba. Binadamu bado.

Lakini nitumie choo chako kwenye kikopo cha vipimo cha hospitali, niangalie kama virusi vyetu vinamweza huyo wako. Na ule, hata kama ni uji.

Binti yako, Njoki

Kabazi, 9 Machi 2025

Njoki mama,

Umeshindaje? Kikopo nilikituma Jumatatu na barafu. Tabby wa ofisi ya vifurushi aliuliza ni nini, nikamwambia ni asali. Mungu anisamehe.

Nimepungua, mshipi nimeutoboa matundu mawili mapya. Kuvuna viazi kulinishinda, nikamwambia Mama ni mgongo.

Kama iko chupa ya hivyo virusi, ilete. Nitaandika kwa mkono wangu kwamba nimekunywa kwa hiari. Hivi nilivyo, itaniharibia nini?

Baba

Nairobi, 28 Aprili 2025

Baba,

Hujambo? Nisamehe kwa kimya.

Virusi vyetu vya aina zote tisa havikumgusa bakteria wako. Basi nikaenda Nakuru, kwenye mabwawa ya maji taka, nikachota mitungi mitatu. Wiki ya pili nikaona madoa angavu kwenye sahani za maabara, pale bakteria wako walipokufa. Nilipiga kelele mpaka Natasha wa meza ya pili akaja mbio.

Lakini maji yenye virusi hivyo yamejaa sumu ya bakteria waliopasuka. Kwa utumbo wenye kidonda yanaweza kukumaliza. Kuyasafisha na kupata kibali ni mwaka, pengine miwili. Mkubwa wangu amekataa nikupe kabla ya hapo. Niliiba chupa, Baba. Nikafika nayo getini, nikairudisha.

Na siku ile ya Nakuru, tarehe nne, sikuja nyumbani. Niliogopa kukuona nikiwa mikono mitupu.

Njoki wako

Kabazi, 15 Mei 2025

Njoki,

Salamu. Kwa chupa sikulaumu, ulifanya vizuri.

Tarehe nne ndiyo imeniuma. Ulichota maji ya choo ukageuza gari, na mimi niko hapa, mwendo wa saa moja tu. Nani alikuambia uje na kitu?

Mama amejua. Aliona damu kwenye shuka. Alikaa kitandani akaniuliza, "Hiram, ulitaka niambiwe nikishakuzika?"

Njoo.

Baba yako

Longonot, 23 Mei 2025

Baba,

Natuma kwa simu ya Mama akusomee. Ameniambia tangu jana hufungui macho, lakini unasikia.

Ningekuja wiki jana. Nilisema kwanza nisafishe virusi vyako kidogo, labda, labda. Vilivyopatikana havingetosha hata panya mmoja. Hakuna dawa, Baba. Nilijua tangu uliponiambia ni ini, nikashindwa kulitamka. Ile miezi ningekaa na wewe, nilikaa na sahani zako.

Nakuja. Sijabeba kitu.

Mama, hapa usimsomee. Lori limeanguka mbele na magari hayajasogea tangu saa tano. Mwambie nimeshafika Gilgil, niko karibu.

Njoki wenu