Mgonjwa wa Chumba cha Baridi

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo mweupe, nikitumaini kikohozi kimekuachia na kwamba shemeji na watoto hawajambo. Sisi huku tunapumua. Mama anakula vizuri, na kunisema vizuri zaidi.

Nikupe habari za kichaka. Unakumbuka nilipanda mpaka kwenye nyumba yetu ya zamani, kule juu miti inapoishia, nikachimba mche wa kimoja cha vile vichaka viwili vya mlango wa jikoni. Mama alitaka kuyaona tena maua yake ya rangi ya waridi kabla macho hayajamzimikia. Mche ulistawi kwenye ndoo, majani tele, lakini ua hata la dawa halikutoka. Mama akasema umefanana na marehemu baba, pasipo baridi hauamki.

Basi nikaenda kwa mwenye bucha. Alicheka mpaka akakaa, akaniuliza naupenda na mfupa au steki. Hata hivyo alinipa kona kwenye chumba chake cha baridi. Jioni naupeleka, asubuhi naufuata, kisha kwenye shajara naandika: bado. Wateja wakaubatiza Mgonjwa, wakawa wanaulizia hali yake. Mimi nami niliuzoea ule ukungu unaotoka mlango ukifunguliwa. Nilikuwa nikisimama ndani yake kama niko kule juu, mtoto tena, nangoja kuitwa chai.

Ijumaa ulichanua. Dada, ua ni jeupe. Nilichimba mche wa kichaka kisicho chake; bila maua vyote viwili ni sura moja.

Lipo na jingine, ambalo mama alitaka usilijue. Macho yamekwisha. Alinyoosha mkono kulitafuta ua, akashika hewa. Akaniuliza kama waridi limekoza. Nikamjibu kwamba limekoza sana.

Akainama akanusa, akakawia pale. Unajua alivyokuwa akitutania, kwamba ua lake ni la macho tu, pua zisijisumbue. Hili lilikuwa limejaza chumba kizima harufu ya asali. Alipoinuka alikuwa anatabasamu. Akanipapasa shavu, akaniagiza nikuandikie kwamba lile la waridi limechanua.

Nami nimekuandikia. Ukija, usiniumbue, wala yeye usimuumbue.

Mama anakusalimu, na Mgonjwa pia.

Ni mimi,
kitindamimba wenu.